Twende Kilioni Bila Msiba

Mama yangu anasuka nywele Ujiji tangu kabla sijazaliwa, na msuko wake haufumuki. Hiyo ndiyo sifa yake mjini. Ukisukwa naye Jumamosi unaweza kuoga ziwani, kulala bila kujifunga kichwa, kuanika dagaa juani wiki tatu nzima, na ukirudi kwake kufumuliwa mistari bado imelala vilevile alivyoilaza. Wasusi wengine husifiwa kwa mitindo. Yeye anasifiwa kwa kudumu, na anaipenda sifa hiyo kuliko hata kusifiwa mapishi, ambayo kwa kweli, nami namwambia hivyo usoni, hayastahili sifa nyingi.

Siri yake ni kukaza. Anakukalisha mkekani, anakibana kichwa chako kwa magoti, anachukua nywele kidogo tu, zile za mwanzo kabisa zinazopakana na uso, na anazivuta mpaka nyusi zinapanda. Utotoni nilikuwa nikitoka hapo siwezi kufumba macho sawasawa. Siku mbili za kwanza nililala kifudifudi, paji la uso juu ya mikono. Nikilia wakati wa kusukwa alinigonga utosini kwa mgongo wa chanuo, bila hasira, na kuniambia, "Tulia, bado mistari minne." Siku zote ilikuwa bado mistari minne.

Na nilipapenda mahali pale. Niseme mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane mkatili. Mama si mtu wa kukumbatia watoto. Ukimkumbatia wewe, anakupigapiga mgongoni mara mbili kama anayekung'uta vumbi, kisha anakuuliza umekula. Lakini mkekani mikono yake ilikaa juu yangu saa tatu mfululizo, na huku akisuka alinipa habari zote za mtaa, nani anaposwa, nani kanuniana na nani. Sijui njia nyingine ambayo ningempata mama yangu kwa saa tatu.

Kwetu nywele hazina makazi ya kudumu. Baba, aliyekuwa akileta dagaa kwa boti kutoka Kagunga, alianza kupoteza zake ujanani. Zilianza kurudi nyuma pembeni, halafu utosini pakafunguka, mpaka leo amebaki na ukanda mmoja unaozunguka kutoka sikio hadi sikio. Baba yake alikuwa hivyohivyo na kaka zake ni hivyohivyo. Wajomba wanamtania kwamba ndege ya Dar italiona paa lake ikadhani ni uwanja, itue, na yeye anakipaka mafuta kipara kila asubuhi kwa bidii, kisha anakiangalia kwenye kioo akiwa ameridhika kabisa.

Zangu zilinyonyoka baada ya kujifungua. Mtoto alikuwa na miezi minne, ameanza kucheka, na mimi nikichana zinakuja na kitana, fungu zima. Nililia. Mama mkwe wangu, mama wa watu wa Kalinzi ambaye Kiswahili anakizungumza kama anayevuka mto kwa mawe, alinifariji kwamba mtoto ameanza kuujua uso wangu, na mtoto akikujua lazima akuchukue kitu. Baadaye muuguzi wa kliniki aliniambia jambo hilohilo kwa lugha yake: wakati wa mimba nywele hazidondoki kama kawaida, ukishajifungua zile zilizochelewa zinadondoka kwa pamoja, na mwili ukitulia zinarudi. Mama yangu hakuwaamini wote wawili. Alisema zinadondoka kwa sababu hazijashikwa, akanikaza msuko ambao uliniumiza mpaka meno. Miezi ikapita, nywele zikarudi, naye akawatangazia wateja wake wote kwamba ameziokoa yeye.

Mtoto huyo ni binti yangu, na yeye ndiye anayetuleta hapa. Ana miaka saba. Shule anayosoma inaruhusu kusuka mradi mistari iwe ya kulala, kwa hiyo kila Jumamosi ya pili nilikuwa namtoa Rusimbi tunakoishi, nampeleka Ujiji kwa bibi yake, nami naenda sokoni kwenye biashara yangu ya vitenge. Wale wawili wanapendana hadi inakera. Bibi anamwita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na wanagombania babu na kipara chake hadi wanachoka. Jioni nilimkuta binti yangu amesukwa mistari kumi na nane, myembamba kama kamba za viatu, uso umevutika, macho makavu. Huyu hakuwa analia kama mimi. Nilimsifu kwa hilo, na leo najuta.

Mwaka jana mama mkwe alishuka kutoka Kalinzi na pikipiki, mkungu wa ndizi nyuma na kahawa kwenye mfuko, akaja kukaa kwetu miezi miwili. Siku ya tatu alikuwa anamwogesha mjukuu wake, akamtazama kichwa, akampapasa paji. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Hakunipigia simu. Alimvalisha mtoto gauni zuri, akamfunga kitambaa kichwani asipigwe jua, akampeleka zahanati.

Yaliyotokea huko nimeyaunganisha kwa maneno ya mama mkwe mwenyewe na ya binti yangu, na kila nikiyasimulia nacheka upya. Zamu ilikuwa ya muuguzi kijana, mgeni wa Kigoma. Mama mkwe akaketi, akaitikia shikamoo, akaeleza shida kwa ufupi:

"Mjukuu wangu ana uruhara."

Sasa, uruhara kwa Kiha ni upara. Muuguzi yeye alisikia kuhara.

"Tangu lini, bibi?"

"Miezi mitatu, labda minne."

Muuguzi akaacha kuandika. "Miezi minne! Kwa siku mara ngapi?"

Mama mkwe aliliona swali hilo la ajabu, lakini kwa adabu akajibu, "Kutwa nzima. Ipo tu."

"Ina damu?"

"Hapana. Ni safi. Inang'aa."

"Na tumbo linamuuma?"

"Tumbo? Anakula vizuri, mwangalie mwenyewe."

Muuguzi akamwangalia mtoto, aliyekuwa anamaliza ndizi ya pili. Nilimuuliza binti yangu baadaye kwa nini hakusema kitu, akanijibu kwamba wakubwa walikuwa wanaongea.

Niliporudi nyumbani nilikuta mama mkwe anakoroga jagi la maji ya ORS, pembeni pana vidonge vya zinki, na mtoto amefunga mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama, anaharisha?" niliuliza.

"Nani anaharisha?" alinijibu. "Wamesema anywe haya, itaisha. Mimi nilifikiri watatoa ya kupaka."

Ilinichukua dakika kadhaa kuelewa, na nilipoelewa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimweleza, naye akacheka kwa kujifunika uso na kitenge, akisema mawe, mawe, yaani mama wee kwa Kiha, inang'aa! Ndipo nikamfungua mtoto kitambaa ili nione huo upara ni upi, na nikampeleka mlangoni penye mwanga.

Kicheko kiliniishia hapohapo. Juu ya paji la uso, kutoka sikio hadi sikio, nywele zilikuwa zimerudi nyuma upana wa vidole viwili. Zilizobaki hapo zilikuwa fupi, nyepesi, zimekatika. Ngozi ilikuwa laini na inang'aa, kama alivyosema bibi yake. Karibu na masikio, pale mistari inapoanzia, kulikuwa na vipele vyenye usaha. Nilikuwa namwona mtoto huyu kila siku ya Mungu. Nilikuwa najiambia amechukua paji la baba yake.

Kesho yake sikufungua biashara. Tulikwenda hospitali, tukaonana na daktari wa ngozi, mwanamke wa rika langu, mkazi wa hukuhuku. Alikwenda taratibu, anauliza huku anapapasa. Je, yapo mabaka ya mviringo yenye magamba na kuwasha? Hayo ni mapunye, ni fangasi, yana dawa ya kumeza. Hayakuwepo. Kuna doa tupu lililotokea ghafla, la mviringo kama sarafu? Hapana, maana lipo gonjwa ambalo mwili wenyewe unazigeukia nywele zake, nalo linakuja hivyo. Amepata homa kali miezi ya karibuni? Kuna dawa anayomeza? Anakula nini? Akavuta kope la chini kuangalia kama damu ipo, akapapasa shingo kutafuta tezi. Nilimtajia kipara cha baba yangu, akatabasamu, akasema kile kina wakati wake na njia yake, na mtoto wa miaka sita hajafika huko.

Kisha akauliza, "Nani anamsuka?"

"Msusi," nilisema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Au najua. Daktari akaniomba na mimi nifungue ushungi. Akapitisha kidole pembeni mwa paji langu, akanipa kioo. Pale pembeni palikuwa peupe tangu nina miaka ishirini na kitu, na sikuwahi kupahesabu kuwa ni kitu.

"Na wewe unasukwa na huyohuyo?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaketi karibu yetu, akanieleza bila kuzunguka. Nywele ikivutwa mno, kila mara, mahali palepale, mzizi unachoka. Ukiachwa mapema unapona na nywele inaota tena. Usipoachwa, unakufa, ngozi inafunga, na hapo hakuna mafuta ya dukani wala ya porini yatakayouamsha. Mizizi yangu ya pembeni, alisema, nisiitegemee. Ya mtoto bado iko hai. Miezi kadhaa asiguswe, vipele atumie dawa, kisha asukwe mikubwa michache, isiyovuta, ya twende kilioni. Kama baada ya kusukwa hawezi kukunja uso, basi ifumuliwe siku hiyohiyo.

Tulipokuwa tunaaga alinishika mkono. "Msusi mwenyewe nadhani namjua. Mimi alinisuka kwenye harusi yangu. Nilitabasamu siku tatu, hata nilipotaka kulia."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nywele za binti yangu zingepona au zisingepona kutegemea mtu mmoja, na mtu huyo nilipaswa kumwambia kwamba mikono yake, ile ambayo Ujiji nzima inaisifu, ndiyo inayomnyonyoa mjukuu wake. Nilijificha. Jumamosi ya kwanza nilisema mtoto ana mafua. Ya pili nikasema kuna kazi za shule. Mama mkwe alinitazama tu, akaendelea kumpaka mtoto mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi, kwenye nywele, akikwepa vipele kama alivyoagizwa. Angeweza kujigamba kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza. Badala yake aliniambia, "Mwambie wewe. Akiambiwa na mimi itakuwa vita."

Jumamosi ya tatu mama alikuja mwenyewe Rusimbi, chanuo mkobani, mkeka kwapani, na baba nyuma yake amebeba mafungu ya migebuka, samaki wa ziwani. "Mke mwenzangu yuko wapi? Nasikia ana mafua yasiyoisha."

Nilimwambia. Nilikuwa nimejipanga kusema polepole, lakini mimi nami ni binti yake, ulimi wangu haujui polepole. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Huyo daktari anasuka?"

"Mama."

"Nimesuka mabibi harusi, nimesuka watoto wa watoto wao. Wote wana nywele. Asukwe vipi basi?"

"Mikubwa. Ya twende kilioni."

Hapo ndipo alipokasirika. Twende kilioni, kwa mtu kama mama, si msuko. Ni ile mistari minne mitano mnayosukana haraka mlango umefunguliwa, taarifa ya msiba imefika na watu wanawasubiri. "Twende kilioni!" alisema. "Mjukuu wangu, aliyetoka mikononi mwangu, apite mtaani na twende kilioni? Nani kafa?"

Baba alijaribu kuingilia. "Nywele ni nywele tu, mama watoto. Zangu hazikuvutwa na mtu, na bado zilikwenda."

"Wewe nyamaza, hukuulizwa na mtu."

Nami badala ya kunyamaza nikapandisha sauti. Nilimwambia anamtoa mtoto nywele kwa sababu ya sifa. Nilimwambia na mimi amenitoa. Nilivuta ushungi wangu nyuma na kumwonyesha pembeni. Maneno hayo siwezi kuyarudisha, na namwomba Mungu anisamehe namna nilivyoyasema, ingawa kuyasema ilibidi.

Mama aliketi kwenye kigoda. Nikaona kidole chake kinaingia chini ya kilemba, mbele, kinapapasa. Kichwa cha mama nimekiona maisha yangu yote. Kutoka kwenye paji hadi karibu na utosi hakina kitu. Nilidhani vichwa vya akina mama huwa hivyo, kama visigino vinavyopasuka.

"Mimi nilisukwa na mama yangu," alisema, sauti imeshuka. "Nilianza kufunga kilemba mbele ya watu nina miaka ishirini na mitano. Nilisema ni umri." Akatoa kidole chini ya kilemba. "Miaka ishirini na mitano ni umri huo?"

Mama mkwe alitoka jikoni na kikombe cha kahawa, akakiweka mikononi mwake, akaketi chini kando yake. Wakanywa kwa zamu. Binti yangu, ambaye hakuelewa ila kwamba bibi ana huzuni, alikuja akakaa mkekani na kuegemeza kichwa kwenye goti lake, mkao uleule wa kusukwa. Mama alikiangalia kile kichwa muda mrefu. Kisha akakipaka mafuta tu, kwa ncha za vidole, na akarudi nyumbani na chanuo lake.

Miezi iliyofuata tuliishi na kichwa kilichoachwa. Nilikuwa nakichungulia kila asubuhi mpaka mtoto akaanza kunikimbia. Vipele viliisha kwanza. Baadaye, nikiwa nimeshakata tamaa, nikaona vinyweleo, laini sana, vimesimama kwenye mstari wa paji. Nilimpigia mama simu nikiwa sokoni, nikapayuka mbele ya wateja. Alisema Alhamdulillahi, akakata simu. Dakika kumi baadaye alipiga yeye, akauliza, "Pande zote mbili?"

Daktari aliporuhusu asukwe, nilimpeleka Ujiji mwenyewe, na safari hii sikuondoka. Nilitaka kuona. Sijawahi kumwona mama yangu akihangaika na kazi namna ile. Mikono haikujua kulegeza. Aliugawa mstari wa kwanza vizuri, mpana, akaanza, na kabla hajafika katikati vidole vilikuwa vimekaza vyenyewe. Akafumua. Akaanza tena, vikakaza tena. Mara ya tatu alimwambia mtoto akunje uso, apandishe nyusi, atoe ulimi, na mtoto akafurahi kupita kiasi, akaanza kutoa ulimi kila baada ya dakika. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri zamu aliuliza kwa upole kama kuna msiba. Mama alisema hakuna, wala hakueleza zaidi. Mistari mitano ilimchukua muda ambao zamani angemaliza kumi na nane. Alipomaliza alikuwa anatokwa jasho, na msuko wenyewe, niseme ukweli, ulikuwa wa kawaida kabisa.

Ulidumu siku nne. Siku ya nne mama alikuwa kwetu Rusimbi, amekuja kuniletea unga wa muhogo, na tulikuwa tumekaa barazani binti yangu aliporudi kutoka shule anakokota begi. Mistari miwili ilikuwa imefumuka hadi katikati, na nywele zimesimama upande mmoja. Alikuwa analia. Watoto wenzake wamemcheka, alisema. Wamesema amesukwa na upepo.

Nilimtazama mama. Najua jinsi uso wake unavyokuwa akiona msuko uliofumuka mtaani, hata wa mtu asiyemhusu. Anageuza kichwa, anasonya, anauliza ni kazi ya nani. Nilijiandaa. Nilikuwa tayari kumnyang'anya chanuo kama ingebidi.

Alimvuta mjukuu wake katikati ya magoti, akamfuta machozi kwa upindo wa khanga. Akazikusanya zile nywele zilizosimama, akazisuka upya polepole, akisimama kila mara kuuliza, "Hapa navuta? Na hapa?" Mtoto akasema hapana, hapana, huku kwikwi zinapungua. Alipofika mwisho akaacha ncha imelegea, ambayo hata mimi niliona haitafika keshokutwa, na akaipigapiga kwa kiganja.

"Kesho wakikucheka," alimwambia, "waambie amenisuka bibi yangu. Na jina langu uwatajie."